Bastola ya Lorene Haijawahi Kukwama

Rowdy Branch, Kentucky
Jumapili, 9 Machi 1997

Arvil mdogo wangu,

Mimi mzima, paa bado halivuji, na barua yako imenichekesha mpaka kahawa ikanipalia. Kurasa nne nzima unanieleza mimi, niliyekufundisha kufunga kamba za viatu, kwamba bastola yangu ni chuma chakavu! Umekaa huko Wyoming miaka ishirini ukitengeneza injini za treni, sasa unadhani kila chuma duniani lazima kikuombe ruhusa kwanza.

Sikiliza basi. Pruitt yangu niliinunua mpya dukani kwa dola mia moja ishirini na tisa, na mwenye duka akanipa na kofia juu yake. Sura yake mbaya, sikatai. Ni nzito kama pasi ya mkaa. Nikiitia mkobani natembea upande, na kanisani wanadhani nimeteguka nyonga. Lakini nimeshafyatua risasi elfu tatu na ushee, na haijakwama. Hata mara moja, Arvil! Huyo Mjerumani wako, bastola uliyoinunua kwa bei ya gari, uliniambia mwenyewe kwamba alikwama mara mbili siku ile ya barafu.

Unaukumbuka Ubao wa Aibu pale klabuni, nyuma ya kituo cha zimamoto? Bado upo. Kila Novemba kwenye Mashindano ya Paja, ambako bastola ya zaidi ya dola mia na hamsini hairuhusiwi kupita getini, bastola ya mtu ikikwama sote tunagonga makopo, halafu jina la bastola hiyo linaandikwa ubaoni kwa chaki na kukaa hapo mwaka mzima. Miaka tisa nimeshindana. Lile paja la nguruwe nimelibeba kwenda nyumbani mara tatu. Neno Pruitt halijawahi kuguswa na chaki.

Nakupa sharti. Nikimaliza Novemba hii bila kukwama, utaandika kwa mkono wako, "Mimi Arvil Stamper nilikosea," nami nitaipigilia karatasi hiyo ukutani klabuni. Ikikwama, nitaandika mimi, na wewe utaibandika kwenye friji yako uione kila ukichukua maziwa.

Maharage yananukia kuungua. Kwaheri.

Dada yako,
Lorene


Medicine Bow, Wyoming
23 Machi 1997

Dada Lorene,

Sharti nimelikubali. Friji nimeshaifuta vumbi.

Sasa nikujibu kama fundi. Risasi elfu tatu za bastola moja si ushahidi, hiyo ni bahati. Nimeona injini ikivuta mabehewa mwezi mzima na ufa kwenye kichwa chake, kila mtu anaisifia, mpaka siku ilipoamua kulala kati ya jangwa. Kitu cha rahisi kinakufurahisha mpaka siku unayokihitaji. Wewe unakaa peke yako tangu mumeo Hobart afariki, na nyumba ya jirani iko ng'ambo ya kijito. Siku dubu akija tena kwenye mapipa yako ya taka sitaki uwe unasali huku unavuta.

Halafu kuna raha. Umeisahau raha kabisa! Kifyatulio cha Mjerumani unakigusa tu, kinakuelewa. Cha Pruitt niliwahi kukijaribu siku ile ya mazishi ya Hobart: unavuta, unavuta, unaanza kuwaza chakula cha jioni, unavuta tena, ndipo inalia, na wewe mwenyewe unashtuka. Hiyo ni adhabu, dada, si mchezo.

Ukishindwa, uandike kwa mwandiko wako ule ule uliopata tuzo shuleni, herufi zilizoshikana mikono. Nitauwekea fremu.

Mdogo wako mwenye macho,
Arvil


Rowdy Branch
18 Mei 1997

Arvil,

Usishtuke kuona herufi za mashine. Tressie Fugate, mke wa mchungaji, yule jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, alikuwa anauza mashine ya kuchapa kwenye mnada wa kanisa, na hakuna aliyemwonea huruma ila mimi. Sasa nimekuwa mtu wa ofisini.

Unasema raha. Raha yangu mimi ni kuangusha kopo la mahindi kwa hatua ishirini na tano kwa kitu ambacho kila mtu amekicheka. Wewe ukilenga vizuri sifa inakwenda kwa Mjerumani. Mimi nikilenga vizuri, sifa ni yangu yote.

Kwa kuwa mimi si mwongo nitakwambia: Jumamosi ilikwama. Mara mbili. Lakini ni risasi, si bastola. Nilinunua boksi la risasi za bei chee kwa mzee mmoja sokoni, baruti yenyewe inanuka kama soksi. Ganda tupu halikutoka lote, likasimama wima pale juu kama bomba la moshi la jiko. Nimezitupa zilizobaki. Usifurahi.

Waridi za Mama zimetoa machipukizi.

Lorene


Medicine Bow
2 Juni 1997

Dada karani,

Nimefurahi. Nimefurahi sana! Nimewasomea wenzangu klabuni hapa, na mmoja alicheka mpaka akatema meno yake ya bandia.

Haya, kwa kuwa nakupenda, nakusaidia hata kama nitakosa ushindi. Badilisha magazini, kile kikasha cha risasi, midomo yake hulegea. Badilisha springi, ile uliyonayo imeshachoka. Safisha kwa mswaki mahali ganda linapotokea, kisha utie tone moja tu la mafuta, usiikaange. Ukishafanya yote hayo na bado inakwama, basi, dada yangu, umeoa bastola mbovu na talaka ni halali.

Kwa nini unachapa hata jina lako mwisho? Weka sahihi, barua yako inafanana na ya benki.

Arvil


Rowdy Branch
6 Julai 1997

Arvil,

Nimebadilisha magazini. Nimebadilisha springi. Nimesafisha mpaka unaweza kulia chakula humo. Nimenunua risasi nzuri, zile zile unazompa Mjerumani. Jana, katika risasi hamsini, imekwama mara sita.

Ni joto, nadhani. Chuma hutanuka. Tressie alikuja kuniangalia, akaijaribu naye kidogo, halafu tukaenda kula pai ya matunda.

Habari nyingine ni kwamba lile jagi la Mama, la buluu, limevunjika. Liliteleza lenyewe, lilikuwa na sabuni. Najua wewe ndiye uliyelitaka siku tuliyogawana vitu. Nisamehe.

Lorene


Rowdy Branch
3 Agosti 1997

Arvil,

Umeshinda. Pruitt ni takataka, na ilikuwa takataka tangu mwanzo, ila nilikuwa na kiburi. Nimeifunga kwenye kitambaa na kuiweka sandukuni. Novemba sitaingia mashindanoni, nitawapikia tu mkate wa mahindi.

Hii karatasi ndiyo ile ya friji. Usinijibu kuhusu jambo hili, tuongee mengine.

Lorene


Medicine Bow
30 Agosti 1997

Dada yangu Lorene,

Naandika kwa mkono, taratibu, nawe usome taratibu.

Barua yako ilipofika niliibandika kwenye friji na kucheza jikoni peke yangu, mzee wa miaka hamsini na minane. Asubuhi nilipochukua maziwa nikaisoma tena. Kesho yake tena. Siku ya tatu maziwa yakanishinda kunywa.

Wewe hujawahi kukubali umeshindwa. Mwaka hamsini na saba ulisema nyumbu wa Mjomba Elzie alikuwa wa kijivu. Tulipopata picha, na nyumbu ni mweusi tii, ulisema picha imechakaa. Mpaka leo unasema hivyo! Mtu huyo hawezi kuniandikia "umeshinda" kwa mistari sita, bila tusi hata moja.

Nikafanya jambo ambalo nilikuwa nimeapa sitalifanya. Nilivaa kofia mpaka kwenye nyusi, nikaendesha maili sitini hadi duka ambalo hawanijui, nikanunua Pruitt. Mwenye duka akaniuliza, "Ni zawadi?" Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe.

Nimeifyatua risasi mia nne, Lorene. Nimeipa risasi nzuri, nimeipa mbovu. Niliizika kwenye mchanga, nikaikung'uta, nikaifyatua. Haikukwama. Nilimkasirikia huyo mnyama kwa kutokwama.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho nimewafundisha wageni hapa klabuni kwa miaka, na sikukifikiria kwako kwa sababu wewe si mgeni. Kila risasi, sehemu ya juu ya bastola ya aina hii hurudi nyuma yenyewe ili itupe ganda, lakini lazima chini yake pawe na mkono imara wa kuizuia. Mkono ukilegea, yote inarudi pamoja na mkono, na ganda linakosa nafasi ya kuruka. Nikalegeza kifundo cha mkono kwa makusudi. Risasi ya tatu ikakwama. Ganda lilisimama wima pale juu, kama bomba la moshi la jiko. Maneno yako mwenyewe.

Nikaketi chini palepale kwenye nyasi. Nikaziwaza barua za mashine tangu Mei, na sahihi ambayo huweki. Jagi lililoteleza lenyewe.

Halafu nikamuwaza Baba. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na minne. Ilianza na kikombe cha kahawa kumponyoka mezani, naye akacheka, akasema kina sabuni. Kabla ya miaka mitatu tulikuwa tunamlisha kwa kijiko, na mwisho hata pumzi ilimshinda.

Najua unachokiogopa. Mimi nakiogopa pia. Nenda kwa daktari. Usiende kwa yule wa kukupa vidonge vya mgongo, nenda Lexington kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Ukikataa nitakuja mwenyewe nikubebe begani.

Na hili nalo, kama tulivyokubaliana:

Mimi Arvil Stamper nilikosea. Pruitt ni bastola nzuri.

Sijawahi kuandika kitu kilichoniuma hivi. Ningelipa kila nilichonacho ili iwe mbovu.

Arvil


Rowdy Branch
11 Septemba 1997

Arvil,

Anaandika Tressie, mimi nasema. Vidole viwili vya mwisho vimegoma kabisa, na kwenye mashine ile herufi ya P inanikimbia. (Tressie hapa: Habari, Bwana Stamper. Analia ila amenikataza nisikuandikie.)

Mshenzi wewe. Nilikwambia usinijibu.

Nilijua tangu Julai. Siku ile Tressie aliijaribu, alifyatua risasi mia na hamsini, mkono mmoja, huku akinisimulia habari za kwaya. Haikukwama. Akanirudishia, nikafyatua tano, ikakwama mara mbili. Tukatazamana. Nikamwambia twende tukale pai. (Kweli tupu. Na hakula.)

Sasa niseme lililo moyoni, maana nimechoka kulibeba. Niliona heri bastola iwe mbovu. Springi inanunuliwa dukani, magazini inanunuliwa dukani. Nilikuwa nakaa pale nyuma ya nyumba naisafisha na kuisafisha, na kila nikiipata safi moyo unashuka. Ndiyo nikaamua kuiita takataka. Kitu kilichonitumikia miaka tisa bila kosa nikakisingizia, ili nisimtazame Baba usoni. Naona haya kwa hilo kuliko yote.

Naogopa, Arvil. Siogopi kufa kama ninavyoogopa kijiko.

Lexington ni tarehe thelathini. Tressie ataniendesha. (Nitamwendesha hata kwa kamba.) Usije sasa. Ukija nitajifanya mgonjwa ili unihurumie. Subiri nijue kwanza.

Na nyumbu alikuwa wa kijivu.

Lorene
(Sahihi ameweka mwenyewe. Ndiyo hiyo yenye mkia.)


Medicine Bow
19 Septemba 1997

Dada,

Sina mzaha leo. Nimeitazama ile sahihi yako mpaka nikaikariri.

Kijiko kikija, kitashikwa na mimi. Nilikuwa mdogo mno wakati wa Baba, nilikuwa nakimbilia nje kila saa ya chakula ikifika, na ni wewe uliyebaki mezani. Nilijua unaniona nikitoka. Hukuwahi kunisema. Safari hii sitoki nje.

Kazini niliaga zamani, nyumba hii naweza kuifunga kwa kufuli moja. Nitakuja na nikikaa mwaka, nitakaa mwaka. Nikikaa kumi utanichoka, shauri yako.

Kama si ugonjwa ule, nitakuja vilevile.

Arvil


Rowdy Branch
2 Oktoba 1997

Arvil,

Tressie anaandika upesi ili tuwahi gari la posta.

Si ule wa Baba. (SI ULE WA BABA! Tressie.)

Walinichoma sindano mkono mzima kama mto wa mshonaji, wakapitisha umeme, nikaruka kama chura. Daktari ni msichana mdogo, akaniuliza nimefanya kazi gani. Nikamwambia jikoni kwenye shule, miaka ishirini na tisa, nikiwagawia watoto maharage kwa upawa. Akasema, "Upawa ule ndio uliokuumiza, bibi." Mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko, na mwingine kwenye kifundo. Kumbe nimeangushwa na maharage!

Watanipasua tarehe kumi na tatu ili mshipa upate nafasi. Amesema nguvu nyingi zitarudi, lakini itachukua mwaka, na kidole kidogo huenda kisirudi kabisa kwa sababu nilichelewa miezi mitano. Miezi mitano niliyoitumia kubadilisha springi.

Sasa njoo. Nahitaji mtu wa kupasua kuni na kusikiliza.

Lorene


Medicine Bow
1 Novemba 1997

Dada Lorene,

Nimefika nyumbani salama, basi lilichelewa kwa saa nne kwa sababu ya theluji. Huku kumeshakuwa kweupe. Nyumba yangu inanuka upweke, sikuwa nimeijua harufu hiyo mpaka nilipokaa kwako wiki mbili na nusu.

Usivue bendeji kabla ya siku yake. Usiinue ndoo. Kuni nimepasua za kukutosha hadi Februari. Kuhusu jambo la mwisho tulilobishana pale kituoni, nimelifikiria njia nzima, na bado nasema ni wazimu. Una mkono mmoja. Miaka tisa jina la Pruitt ni safi, na sasa unataka kuingia Mashindano ya Paja kwa mkono wa kushoto, ambao haujawahi kushika hata uma? Itakwama mbele ya kaunti nzima. Waache waseme haijawahi. Pumzika mwaka mmoja.

Najua hutasikia. Basi kaza kifundo. Kaza mpaka uumie, na uegemee mbele kama unasukuma mlango uliovimba.

Arvil


Rowdy Branch
Jumatatu, 10 Novemba 1997

Arvil mdogo wangu,

Utaona mwandiko huu ni wa kuku aliyekanyaga wino. Ni mkono wa kushoto, na ni wangu, na Tressie nimemfukuza chumbani ili asinisaidie. Mstari mmoja unanichukua muda wa kuchemsha yai.

Nimeshindana.

Kulikuwa na baridi ya kukata masikio, watu zaidi ya arobaini, na karatasi yako nimeipigilia ukutani juu ya jiko la kuni, wote wanaisoma wakija kuota moto. "Mimi Arvil Stamper nilikosea." Mchungaji Fugate ameisoma kwa sauti, akasema amina.

Makopo ishirini. Nilisimama nikiegemea mbele, mlango wako uliovimba nikausukuma kwelikweli. La kwanza likaanguka. La pili likaanguka. Lilipofika la kumi na moja mkono ulikuwa unawaka moto mpaka begani, na nikajisahau kidogo tu, nikamfikiria Baba, sijui kwa nini, akicheka na kile kikombe. Ikakwama. Ganda wima, bomba la moshi.

Wakapiga makopo yao. Ni desturi, lazima wapige, lakini walipiga polepole, na Tressie hakupiga kabisa, alikuwa amekunja mikono kama anataka kumpiga mtu. Nikalitoa ganda kwa meno, nikamaliza tisa zilizobaki. Nimeangusha kumi na sita kati ya ishirini. Paja amelichukua Tressie, na bastola iliyompa ni ya kuazima, sema mwenyewe nani alimwazima. Ndiyo, Pruitt ile ile, dakika kumi baada yangu, ikiwa bado na moto wa mkono wangu. Ishirini kwa ishirini.

Halafu ikafika zamu ya Ubao wa Aibu. Mzee wa klabu amechukua chaki, ameanza kuandika P, anaona aibu, hanitazami. Nikamwambia, "Simama hapo hapo!" Nikamnyang'anya chaki. Akasema, "Lorene, ni sheria, jina la kilichokwama lazima liandikwe." Nikasema najua sheria, nimeitunga na Hobart mimi.

Nikaifuta ile P kwa kiwiko. Nikaandika jina kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa, mbele yao wote, na litakaa hapo mpaka Novemba ijayo.

LORENE.